Stetasi, Facebook, ramani au tovuti: ipi inamwokolea mteja nauli?

Mwaka juzi mzee mmoja alishuka matatu akitokea upande wa Luanda, akaulizia njia mpaka akafika kwenye hadiwea yetu, duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Kibuye, Kisumu. Alikuwa ameshika simu ya mwanawe, na kwenye simu ile palikuwa na picha tuliyoposti sisi wenyewe: rundo la mabati ya kijani na maneno "Mabati moto moto! Bei ya kutupa! Karibuni inboksi." Alitaka bati la geji 28, yaani la unene huo. Sisi tulikuwa na geji 30 tu. Mzee hakugomba. Aliomba maji ya kunywa, akakaa kidogo juu ya mfuko wa simiti, kisha akarudi stendi.

Mimi ndiye ninayeshika simu ya duka la mjomba, kwa hiyo kosa lile lilikuwa langu. Tangu siku hiyo, nikitaka kujua kama nilichokiweka mtandaoni kina faida kwa mteja, najiuliza swali moja: kimemwokolea nauli au kimemlia? Nimejaribu karibu kila mahali ambapo mwenye duka dogo huambiwa aende, na kwa kipimo hicho tofauti yake ni kubwa kuliko wanavyosema vijana wanaotuuzia huduma za matangazo.

Kabla sijaanza kulinganisha, nilichukua daftari la mazoezi nikarudi nyuma kwenye meseji za duka, nikinakili maswali tu. Kurasa mbili hazikujaa, yakaanza kujirudia. Bei ni ngapi? Mko wapi hasa? Iko ya urefu huu? Mnaleta mpaka kwetu? Nikituma pesa nitajuaje nyinyi si matapeli? Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama sisi ni "chaguo lako nambari moja", maneno niliyokuwa nikiyaandika kila Jumatatu asubuhi. Kama unauza chochote, fanya hilo la daftari kwanza. Halafu utajua ni mahali gani panaweza kubeba majibu yako.

Stetasi na katalogi: nyumba moja, tabia mbili

Watu wengi wenye WhatsApp huziweka hizi mbili kapu moja. Mimi naona zinapingana.

Stetasi hutoweka baada ya saa 24, na huonwa tu na mtu uliyehifadhi nambari yake naye akahifadhi yako. Maana yake unaongea na wanaokujua tayari, na unaongea kuhusu leo. Kwa mama anayeuza samaki pale Dunga hakuna kilicho bora zaidi. Asubuhi anapiga picha ya ngege walioshuka kwenye mashua, anaandika bei ya mkubwa na ya mdogo, na ikifika adhuhuri samaki wameisha na anaandika "wameisha". Picha na samaki vinaharibika kwa mwendo mmoja. Anayefanya hivyo hana deni la kurekebisha posti za zamani, kwa sababu hazipo.

Kwa mabati stetasi ni kupoteza nguvu. Mtu hanunui bati kwa sababu ameliona leo. Hununua akishamaliza kuta, na kuta zinaweza kuchukua miaka miwili. Siku akihitaji, stetasi yako ya Februari haipo.

Katalogi ndiyo inayongoja. Iko kwenye WhatsApp Business, programu ya bure iliyotoka mwaka 2018. Katalogi yenyewe iliongezwa mwaka 2019. Unaweza kuweka bidhaa mpaka 500, kila moja na picha zake, bei na maelezo, na kila bidhaa ina kiungo chake cha kumtumia mteja. Badala ya kujibu swali la geji kwa mara ya arobaini, natuma kiungo.

Lakini katalogi tupu ni kabati tupu. Kazi iko kwenye maelezo. Hili ndilo lililochukua mahali pa "bei ya kutupa":

"Bati la boksi profaili, geji 30, kijani kibichi, urefu mita 3. Bei ni ya bati moja, kama ilivyo tarehe 3 Machi. Misumari na bati la kufunika kilele cha paa vinauzwa kando. Geji 28 hatuna kwa sasa. Kuanzia mabati 20 tunaleta wenyewe mpaka Maseno au Ahero. Chini ya hapo tunakupakilia kwenye gari utakalokuja nalo."

Ukiyasoma haraka, utadhani cha maana hapo ni bei. Kwangu mimi sentensi iliyo na faida kuliko zote ni ile inayosema geji 28 hatuna. Mjomba aliikataa mwanzoni. "Unawafukuza watu kabla hawajafika?" Nikamwambia, mjomba, yule mzee wa Luanda alifika, na alifukuzwa vilevile, ila kwa nauli yake. Alinyamaza, akaniambia niandike. Siku hizi kuna wanaopiga simu kwa sababu ya sentensi hiyo: "Hiyo 28 ikija mnijulishe." Nawaandika kwenye daftari, na mzigo ukija nawapigia. (Kwa asiyejua: kwenye mabati nambari ikipanda unene unashuka. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Hilo nalo tumeliandika, maana wengi hudhani ni kinyume, na kuna wauzaji wanaofurahia wakidhani hivyo.)

Udhaifu wa katalogi ni kwamba mgeni hawezi kuiokota njiani. Lazima kwanza awe na nambari yako. Ni kama stoo nzuri iliyo nyuma ya nyumba. Inahitaji mlango wa mbele.

Facebook: mlango wa mbele wenye vumbi

Kwa wageni, Facebook bado ina nguvu upande wetu huu. Watu wa Siaya, Vihiga, Busia na Kakamega wako kwenye makundi ya kununua na kuuza, na mtu anayejenga huuliza humo humo: "Mabati mazuri Kisumu ni wapi?" Ukijibu kwa ukamilifu, jibu lako linasomwa na wengine ambao hata hawakuuliza.

Hapo ndipo linapoingia lile neno "angalia inboksi". Nimesikia sababu zote tatu za kuficha bei. Ya kwanza, majirani wataona. Lakini jirani yako tayari anajua bei yako; alimtuma kijana wake akaulize wiki iliyopita, na wewe ulimtuma wako. Ya pili, bei hupanda na kushuka. Hii ni kweli, na dawa yake ni kuandika tarehe. Ya tatu, mteja anataka kupatana. Sawa, apatane, lakini apatane akiwa na pa kuanzia. Mtu wa Bungoma hawezi kupatana na bei asiyoijua.

Kuna ujanja mwingine ambao nauona mbaya kuliko kuficha: "kuanzia". Picha ni ya kitanda cha futi 6 kwa 6 chenye droo, maneno ni "vitanda kuanzia" halafu bei ya futi 4 kwa 6 isiyo na droo. Fundi aliyefanya hivyo hajasema uongo, lakini mteja akifika anahisi ameibiwa kabla hajatoa shilingi. Bei iliyo chini ya picha iwe ya kitu kilicho kwenye picha. Na kama godoro halimo, lisiwe kitandani wakati wa kupiga picha.

Tatizo la Facebook lenyewe ni kwamba haisahau. Posti ya Desemba iko pale pale mwezi Machi, na mteja anakuja na picha yake kwenye simu. Bei ya zamani inayoonekana ni mbaya kuliko kutokuwa na bei, kwa sababu sasa mnagombana. Kuna njia ya kuhariri posti ya zamani, na kuna njia ya kubandika posti moja juu kabisa ya ukurasa. Sisi tumebandika moja yenye orodha ya bei, mahali tulipo, saa za kufungua na jina linalotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa ukilipa kwa tili yetu, yaani nambari ya duka ya kupokea malipo.

Hilo la jina nalisisitiza. Watu wameliwa sana mtandaoni. Jina la tili yetu si jina lililo kwenye bango la duka. Ni jina la biashara alilosajili mjomba zamani. Mteja akilipa na kuona jina geni moyo unamruka, na ana haki. Mstari mmoja tu, "ukilipa utaona jina hili", umetupunguzia simu za wasiwasi kuliko kitu kingine chochote. Pia piga picha ya bidhaa ikiwa dukani kwako, ukuta wako na sakafu yako vikionekana. Picha iliyotolewa mtandaoni hupendeza, na mteja mzoefu huijua mara moja.

TikTok

Hapa nitapita haraka. Binamu yangu ana saluni Nakuru, Section 58, na kwake TikTok inashinda zote. Nywele zinahitaji kuonekana zikigeuka. Lakini hata yeye alikuwa akipata sifa nyingi na wateja wachache mpaka alipoanza kuandika mambo matatu juu ya video: mtindo huu unachukua saa ngapi, bei ni ngapi, na je, rasta ni zake au mteja aje na zake. Mtu anayetoka Njoro au Lanet hawezi kuketi saa sita kama alikuwa amepanga tatu.

Sisi wa hadiwea tulijaribu video kadhaa. Iliyofaa ni moja tu, fundi akionyesha jinsi ya kulaza bati juu ya bati ili mvua isipenye. Watazamaji walikuwa wengi, na wengine waliandika kutoka Mombasa. Mombasa hainunui mabati Kibuye. Kama dukani hakuna kijana anayeipenda kazi hiyo kwa moyo wake, acha.

Ramani

Kama ningeambiwa nichague mahali pamoja tu, ningechagua ramani ya Google, na nasema hivi nikijua wengi hawaifikirii kabisa. Ni bure. Tangu 2021 wanaiita Google Business Profile. Mtu anayeiona si wa kupitisha muda. Ameshashuka stendi, ana pesa mfukoni, anaandika "hadiwea karibu nami".

Miji yetu haina mazoea ya nambari za nyumba. Tunaelekezana kwa kanisa, kituo cha mafuta na mti mkubwa. Kwa hiyo pini peke yake haitoshi, na maneno peke yake hayatoshi. Pini yetu ilikuwa imewekwa na mtu tusiyemjua, upande wa pili wa barabara. Kwa muda mrefu wateja wetu walikuwa wakiingia kwa mama wa kinu cha posho, naye kwa ukarimu wake alikuwa akiwaelekeza. Siku nilipoisogeza pini alisema, "Sasa nitapumzika." Nyongeza tuliyoandika ni ile ambayo ungemwambia mtu wa boda: ukitoka upande wa Kondele, usiingie sokoni, geti la bluu, mkono wa kushoto, kabla ya kinu.

Saa za kufungua ndizo zinazoua nauli zaidi. Jumapili ndiyo siku kubwa ya Kibuye, ilhali maduka mengi ya katikati ya mji yamefungwa. Upande wetu kuna Wasabato wengi, na duka lao Jumamosi limefungwa. Mteja wa kutoka mbali hawezi kukisia. Ramani inakupa nafasi ya kuweka kila siku na saa zake, hata sikukuu moja moja. Ijaze.

Ugumu uko kwenye kuthibitisha. Mara nyingi Google hutaka video inayoonyesha barabara, bango lenye jina la duka, na wewe ukiwa ndani unafanya kazi. Mwenye kibanda kisicho na bango atakwama hapo. Paka rangi ubao kwanza. Utakusaidia pia kwa wanaopita kwa miguu. Jambo lingine ni kwamba maoni ya wateja huwezi kuyafuta. Mtu alituandikia kwamba tulimuuzia bati lenye kutu. Nilitaka kujibu kwa hasira, nikalala nayo usiku mmoja, asubuhi nikaandika: alete bati na risiti, tutabadilisha. Hakuja. Lakini jibu lile linasomwa na kila anayekuja baada yake.

Ramani haiwezi kubeba bei za vitu arobaini. Ndiyo maana kwenye sehemu ya maelezo tumeweka nambari ya WhatsApp, na kule katalogi inangoja. Mlango wa mbele na stoo ya nyuma.

Tovuti yako mwenyewe

Hapa mjomba na mimi bado hatujakubaliana.

Tovuti inadai pesa kila mwaka: jina la .co.ke, mahali pa kuihifadhi, na mtu wa kuitengeneza kama wewe huwezi. Kwa samaki, saluni na duka la kona sioni sababu. Kwa nyumba ya wageni, shule, au wanaokodisha mahema na viti vya harusi na matanga, ipo sababu, kwa kuwa mteja ana mengi ya kusoma kabla ya kuamua, na mara nyingi anayeamua si mmoja. Familia inakaa, simu inazungushwa kutoka mkono hadi mkono.

Kwetu sisi sababu ni moja: watoto wa hapa walio ng'ambo wanaowajengea wazazi. Aliye Doha saa zake ni sawa na zetu, anapiga simu tu. Aliye Minnesota akitoka kazini jioni, sisi tumelala. Huyo hana wa kumuuliza. Anataka ukurasa unaosema kila kitu: geji, urefu, idadi inayohitajika kwa nyumba ya ukubwa fulani, gharama ya kupeleka mpaka Yala, na nani atapokea mzigo na kutia sahihi. Akikosa hayo, pesa humtumia mjomba wake kijijini, na sote tunajua hadithi za nyumba zilizoishia kwenye msingi.

Ukiamua kuijenga, ijenge kwa ajili ya simu ndogo. Picha ya simu ya kisasa inaweza kuwa na MB 4. Weka kumi kwenye ukurasa, umekula MB 40, na mteja wako huenda amenunua bando la MB 50. Hiyo nayo ni nauli. Punguza kila picha mpaka KB 200 hivi. Kwa jicho la mnunuzi wa mabati hakuna tofauti.

Lugha, na jambo moja la heshima

Tulikuwa tukiandika Kiingereza kwa sababu kilionekana cha kibiashara. Mafundi wakawa wanatuma picha ya tangazo letu na kuuliza maana yake. Sasa tunaandika Kiswahili, na majina ya vifaa tunayaandika kama mafundi wanavyoyatamka. Kwa kina mama wazee wa vijijini narekodi sauti kwa Kidholuo, nusu dakika, kisha bei naiandika kwa tarakimu chini yake, kwa sababu sauti haipekuliki. Binamu yangu wa Nakuru hana haja ya hilo. Kule makabila yamechanganyika na Kiswahili kinawatosha wote.

Na tafadhali, usiwatie watu kwenye kundi la matangazo bila kuwauliza. Nambari alikupa ili umletee simiti. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini hata bila sheria, mtu aliyeamshwa na meseji 60 za kundi asilolijua hatakununulia hata msumari.

Kwa hiyo, wewe uchague nini?

Kama unauza kinachoharibika leo, stetasi yenye bei, na ukimaliza useme umemaliza. Kama kazi yako ni ya kuonekana kwa macho, nywele, keki, nguo za kushona, nenda TikTok, lakini muda na bei viandikwe juu ya video. Kama mteja wako hununua mara moja kwa miaka na anatoka mbali, ramani kwanza na katalogi pili. Facebook ije ikiwa una mtu wa kujibu kila siku na kufuta vumbi. Tovuti ingoje mpaka daftari lako la maswali likuonyeshe watu wanaouliza usiku.

Ukiwa na jioni moja tu kwa wiki, usifungue zote tano. Kila mahali unapoweka bei ni mahali pengine pa kurekebisha bei. Leo asubuhi simiti imepanda. Katalogi nimeibadilisha nikiwa bado kwenye matatu, ile karatasi ya mlangoni mjomba ameiandika upya kwa kalamu nyekundu, lakini posti iliyobandikwa Facebook bado inasema ya jana, na kuna mtu wa Mbale ameshaandika kwamba yuko njiani. Nimempigia kumwambia. Mifuko yake mitano mjomba ametoa kwa bei ya jana.